Jiwe la Mzee Weng

Kelvin aliuliza habari za jiwe la njano siku ya Jumanne, huku akifungua maboksi ya udi katika duka la baba yake, Mzee Weng, wala hakuuliza kwa ubaya. Mjomba wake alikuwa amepiga simu ya picha kutoka Fuzhou kumjulia hali mzee huyo, aliyekuwa mgonjwa, na katikati ya pole na salamu akataka aonyeshwe muhuri wa babu mkuu.

"Emery, baba alikuwa na muhuri mmoja wa njano. Mdogo, kama kidole gumba. Uliwahi kuuona?"

"Ninao mimi," alijibu Emery. "Uko nyumbani."

Alijibu hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amesimama mlangoni na fulana yake ya ulinzi ya rangi ya chungwa, jicho moja kwenye magari ya wateja yaliyopangwa kando ya barabara ya Derrick, na hakuliona shimo lililokuwa ndani ya swali lile. Kelvin aliacha boksi.

"Nyumbani kwako?"

"Bellevue. Mzee alinipa mwezi wa kwanza, kabla hajaugua."

"Kalete."

Kutoka Cyrildene, mtaa wa maduka ya Wachina, hadi Bellevue ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mtu asiyezubaa njiani. Emery alikwenda na kurudi kabla ya saa sita. Jiwe alilileta ndani ya soksi ya binti yake, Victoire, na alilileta kwa furaha. Miezi mitatu alikuwa amekaa nalo bila mtu wa kumwonyesha. Mkewe alikuwa ameliangalia mara moja, akasema ni zuri, akaendelea kusuka nywele za mteja. Sasa alikuwepo mtu wa ukoo wa mawe yenyewe. Kwa hiyo, badala ya kulikabidhi tu, alifungua kopo la wino mwekundu, ule mzito kama mawese yaliyoganda, akaligusisha jiwe mara tatu, akapiga muhuri nyuma ya risiti na kumsogezea Kelvin.

Kelvin aliangalia alama. Akaliangalia jiwe. Akarudi kwenye alama.

"Hili si jina la babu mkuu."

"Hapana. Hilo ni langu. La babu mkuu nililisaga."

Mwanamke aliyekuwa akichagua karatasi za kuchoma kwa ajili ya wafu alinyanyua kichwa, ingawa hakuelewa Kiingereza. Sauti ya Kelvin ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Ulilisaga."

"Mzee aliniambia nilisage."

"Nani alisikia?"

Emery alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na siku ile tabia hiyo ilimponza, maana ukimya wake ulionekana wa mtu anayetunga. Ukweli ni kwamba alikuwa akiwatafuta waliokuwepo chumba cha nyuma siku ile. Walikuwepo wawili: yeye na mzee.

"Hakuna," alisema.

*

Huko Lubumbashi Emery alikuwa mchonga malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga: ndovu, visahani vya majivu, sataranji za watalii. Johannesburg hapakuwa na malakiti kwa mtu asiye na karatasi za kudumu, kwa hiyo akawa mlinzi wa magari. Mzee Weng alimwona mwaka wa kwanza akikwangua kipande cha kigae kwa msumari, akamwita ndani, akampa jiwe laini na kisu kifupi. Kiingereza chao kilikuwa maneno mia mbili hivi. Yalitosha kwa kazi. Kwa miaka minane, kila saa nane mchana wateja walipopungua, Emery alikaa kwenye kiti kidogo chumba cha nyuma na kujifunza kuchonga maandishi kinyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo. Akimaliza, mzee alipitisha kidole gumba kwenye kingo nne za jiwe, akatazama alama, akasema neno moja: "Tena." Emery alilisaga jiwe kwenye msasa mpaka maandishi yakatoweka, akaanza upya. Jiwe lake la kwanza lilikuwa refu kama kidole cha kati. Lilipokwisha lilikuwa fupi kama kifungo cha koti. Sifa hakuwahi kupewa hata siku moja.

Mzee alimweleza mambo kidogo kidogo. Kwamba zamani za wafalme wao muhuri wa mfalme ulikuwa wa jade, na uliitwa kwa neno ambalo mtu mwingine hakuruhusiwa kulitumia kwa muhuri wake. Kwamba mihuri ya maofisa ilikuwa ya shaba, na fundi wake alikuwa mtu wa kumimina kalibuni tu, hakuna aliyeuliza jina lake. Kwamba baadaye wasomi waligundua mawe laini yanayokatika kwa kisu, na tangu hapo mtu aliyejua kuandika aliweza kuchonga kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi yake ubavuni. Uso wa muhuri, alisema mzee, ni wa mwenye jina. Ubavu ni wa mwenye mkono. Usichanganye. Na ofisa akifa au akiondoka kazini, muhuri wake ulirudishwa na kuharibiwa, ili asitokee mtu akasema kwa jina lake.

Jiwe la njano lilichongwa na baba wa babu yake Weng, aliyekuwa mchonga mihuri mjini Fuzhou, akiwachongea watu wa ofisi za serikali ya mfalme. Huo ulikuwa muhuri wake mwenyewe. Ubavuni aliandika kwa herufi ndogo kama punje za ufuta, na mzee aliwahi kumsomea Emery huku akizifuata kwa ncha ya kisu: "Mwaka wa ishirini wa enzi ya mfalme Guangxu, mwezi wa tatu. Mvua haikatiki, mteja hakuna. Nimejichongea mwenyewe."

Mwezi wa kwanza mwaka huu mzee alilitoa kwenye kisanduku na kumpa. "Mwanangu hasomi mawe," alisema. "Mimi nikifa, jina la babu litakwenda sokoni. Saga uso. Ubavu acha. Chonga jina lako."

"Langu?"

"Wewe mkono unao."

Akachukua brashi na karatasi nyepesi, akamwandikia jina la maneno mawili alilokwisha kumchagulia siku nyingi: moja la jiwe, moja la mgeni.

*

"Weye mwenyewe ulilipeleka?" aliuliza Marthe, mkewe. "Kwa mikono yako?"

"Aliuliza. Nikasema."

"Ku Lubumbashi hawakufundishaka kunyamaza?"

Walikuwa wanaishi chumba cha pili katika nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, na kilichokuwa zamani sebule ya Mzungu fulani sasa kilikuwa makao ya familia tatu. Marthe alikuwa amesimama na kitana mkononi. Kwenye stuli mbele yake alikaa Zubeda, jirani yao wa Tanga, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Zubeda hakuondoka. Hakuna aliyemtarajia aondoke.

"We' bwana nawe," alisema Zubeda. "Ungesema hulijui. Jiwe lina mdomo?"

"Sikuliiba, Mama Zubeda."

"Nani kasema umeliiba? Mimi nasema ungesema hulijui."

Victoire alikuwa kitandani na simu yake. Wazazi wake walisema naye Kiswahili, yeye akawajibu Kiingereza, na nyumba ilikuwa imezoea. "Eish, Papa," alisema bila kuinua macho. "Wanasema likiwa halisi linatoka kwenye mashamba ya mpunga ya kijiji kimoja tu, na limekwisha. Wanaliuza kwa gramu. Zaidi ya dhahabu."

Kitana cha Marthe kilisimama hewani.

"Na weye uliliweka mu soksi," alisema.

Mzee hakumwambia Emery bei, na yeye hakuuliza. Katika chumba kile cha nyuma mawe yalikuwa laini au magumu, yenye mchanga au yasiyo na mchanga, basi.

"Anasema nini, huyo Kelvin?"

"Anasema nimeiba na kuharibu. Anasema mpaka Ijumaa nimpe mtu wa kunishuhudia, la sivyo anakwenda polisi." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nakala ya karatasi yangu anayo kwenye droo. Aliitoa, akasoma tarehe."

Hilo halikuhitaji maelezo ndani ya chumba kile. Karatasi ya Emery ya kuomba hifadhi ilikuwa imeisha mwezi wa saba mwaka uliopita. Aliomba kuongezewa muda kwa barua pepe, kama ilivyotakiwa, na jibu halikuja. Aliomba tena, likaja jibu la mashine. Kituo cha polisi kisingeanza na habari za jiwe. Kingeanza na tarehe. Shemeji yake Zubeda alikamatwa Joubert Park kwa ugomvi wa kuegesha gari, na walikuja kusikia sauti yake tena akiwa ng'ambo ya mpaka.

"Hakukuandikia kitu?" Marthe aliuliza. "Karatasi? Hata kidogo?"

"Aliniandikia jina."

"Eko wapi?"

Emery alitazama mikono yake. Kisha akaeleza, polepole, kama anayemweleza daktari mahali panapouma. Ile karatasi ilikuwa mwandiko wa mzee mtupu. Mjomba wa Kelvin huko Fuzhou angeutambua kwa kutupia jicho tu. Lakini kazi inafanywa hivi: karatasi inalazwa kifudifudi juu ya jiwe, inaloweshwa, inasuguliwa kwa mgongo wa kijiko, mpaka wino unahama na kuingia kwenye jiwe. Halafu kisu kinafuata wino. Panapokatwa, wino unaondoka na vumbi.

"Na karatasi?"

"Inabaki rojo. Niliitupa."

Zubeda alipiga makofi mara moja, taratibu. "Yaani ushahidi mliula wenyewe," alisema. "Mwenzangu, suka tu kichwa changu, nisije nikaondoka nusu."

*

Ijumaa walikwenda wote wawili. Marthe alivaa gauni la kanisani na viatu vya kufunika vidole. Njia nzima ya Observatory alikuwa akimfundisha mumewe maneno: aanze na shukrani, asiseme "nililisaga", aseme "niliagizwa". Walipopita chini ya lango jekundu la Cyrildene alinyamaza, akajipangusa uso kwa kiganja.

Dukani Kelvin alimtaka Emery atoe vitu mifukoni na kuviweka juu ya kaunta. Hakupandisha sauti. Emery alitoa simu, funguo, leso, na kisu kifupi cha kuchongea kilichofungwa kwa uzi. Muuza samaki wa duka la pili, mama wa makamo aliyemsalimu Emery kila asubuhi kwa miaka minane, alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake yenye maji. Aliviangalia vile vitu vinne, kisha akaondoka bila kusalimia.

"Kisu ni cha baba," alisema Kelvin.

"Alinipa."

"Kila kitu alikupa."

"Bosi," Marthe alianza kwa Kiingereza chake cha saluni, "sisi tunashukuru sana, familia yako..."

"Mama, mimi sina tatizo na wewe. Keti."

Kiti kimoja tu kilikuwepo. Kelvin alitandika gazeti juu yake kwanza. Marthe aliliona gazeti, akaketi.

Ni lazima isemwe kwamba Kelvin hakuwa mtu mbaya. Mkewe alikuwa amerudi kwao na watoto. Mama yake alikwisha kufa miaka sita nyuma. Tangu mwezi wa tatu, mzee alipoanguka kwa kiharusi karibu na birika, ni yeye aliyemlisha, aliyembadilisha nguo na kumgeuza kitandani, na nesi wa kila asubuhi hakuwa akija bure. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa ameamua kufanya jambo hili kwa haki, na haki aliyoijua ilikuwa kumuuliza baba yake mbele ya wote.

Mzee Weng alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kiti cha magurudumu, meza ile ile ya kazi mbele yake. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa mapajani kama kitu alichoshikishwa. Alipomwona Emery, upande mmoja wa uso ulisogea.

"Ho," alisema.

Kwa lugha yao ya Fuzhou maana yake ni vizuri. Emery alilijua neno hilo. Wateja wengi walilitumia.

Kelvin alichuchumaa, akasema na baba yake, kisha akatafsiri. "Nimemuuliza: Baba, ulimwambia huyu alisage jiwe la njano?"

"Ho," alisema mzee.

Marthe aliinuka. "Umesikia, bosi! Amesema. Mwenyewe amesema!"

Kwa Emery ilikuwa imekwisha. Ilikuwa rahisi kiasi kile.

"Subiri," alisema Kelvin. Hakuonekana mtu anayefurahia. "Baba, huyu mtu aliliiba jiwe?"

"Ho."

"Baba, mvua inanyesha?"

Nje jua lilikuwa likiwaka juu ya mabati. "Ho," alisema mzee, kwa upole ule ule.

"Baba, mama yuko jikoni?"

"Ho."

Hilo la mwisho Kelvin hakulitafsiri mara moja. Alikaa vile vile amechuchumaa, akitazama mguu wa kiti. Alipolitafsiri, alilisemea chini. "Ndilo neno lililobaki," alisema. "Daktari anasema huenda mengine yasirudi."

"Mpe brashi," alisema Emery.

"Nini?"

"Mpe brashi. Mkono wa kushoto unafanya kazi. Aandike."

Kelvin alisita, kisha akasogea. Emery mwenyewe alimimina maji kidogo kwenye kijiwe cha wino, akausaga wino kama alivyofundishwa, bila haraka, akalowesha brashi na kuipachika kati ya vidole vya kushoto vya mzee. Wote wanne waliinama juu ya karatasi. Mzee aliitazama. Aliushusha mkono kwa namna iliyomfanya Emery azuie pumzi, maana ule ulikuwa ushukaji wake hasa, kutoka begani. Alichora mstari mmoja kutoka juu kwenda chini. Ulikuwa mstari mzuri. Kisha akachora mwingine kando yake, na mwingine, na mwingine, mpaka karatasi ikajaa mistari iliyosimama kama uzio.

"Inasema nini?" Marthe alinong'ona.

Kelvin aliitoa brashi polepole mkononi mwa baba yake.

*

Walirudi kwenye kaunta. Kelvin aliweka simu yake mezani. Kulikuwa na dalali wa Fuzhou, mtu aliyeunganishwa na mjomba, ambaye alikwisha kutumiwa picha za jiwe pande zote sita na alikwisha kujibu. Kelvin alisoma akitafsiri, sentensi kwa sentensi, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Jiwe ni halisi. Maandishi ya ubavuni ni ya kweli na yana thamani. Uso wa asili umepotea, na hasara hiyo hairudishiki. Lakini uso wa sasa ni hasara ya pili: mnunuzi hataki jina la mtu asiyejulikana. Uso mtupu ni bora. Mwondoe huyo.

"Mwondoe huyo," alirudia Kelvin, na safari hii alitazama pembeni.

"Ni nani atalisaga?" Emery aliuliza.

"Nikimpa fundi wa marumaru atalivunja. Hapa mjini simjui mwingine." Alitia simu mfukoni. "Njoo kesho asubuhi. Ulisage mbele yangu. Polisi siendi wiki hii."

"Wiki hii?"

"Nimesema siendi wiki hii."

Marthe alimvuta mumewe mkono wa shati. "Sema asante," alimwambia kwa Kiswahili, midomo haisogei. "Baba Victoire. Sema asante."

Emery alisema asante.

Njiani Marthe ndiye aliyeongea. Jiwe si lao, alisema. Jina likiondoka jiweni, yeye bado anaitwa Emery, kweli si kweli? Kanisani yumo, kwenye cheti cha ndoa yumo. Watu wangapi wa Hillbrow wanaitwa majina ambayo si yao na wanakula? Emery aliitikia kila jambo. Kwenye robot ya Observatory taa iliwaka kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, naye alikuwa bado amesimama ukingoni, mpaka mkewe akamshika mkono na kumvusha.

*

Jumamosi saa tatu kila kitu kilikuwa mezani: kipande cha kioo, karatasi za msasa za namba tatu tofauti, bakuli la maji, taulo. Kelvin alikuwa ameviandaa mwenyewe na alikuwa amevipanga vibaya. Emery alivipanga upya bila kusema. Mzee alikuwa kwenye kiti chake upande wa pili wa meza, kitambaa cha chakula kifuani.

Alichukua jiwe na kulipiga muhuri mara ya mwisho kwenye kipande cha karatasi. Kelvin aliichukua ile karatasi kabla wino haujakauka.

"Hii nitakaa nayo mimi," alisema. "Kwa ajili ya polisi, kama itafika huko."

Emery alilowesha msasa. Alilisimamisha jiwe wima, akaweka kidole cha shahada juu na vingine vikizunguka, akaanza kulizungusha. Kila mizunguko ishirini aligeuza robo, ili uso usiinamie upande mmoja. Mkono ulijua. Maji yaligeuka ya njano hafifu kama uji wa mtoto. Mistari myembamba iliondoka mapema: paa la juu la neno la mgeni, kisha miguu yake. Lakini mzee alikuwa amemsisitizia mwaka hadi mwaka kwamba mkato wa juu juu ni wa waoga, na Emery alikuwa amekata kwa kina. Alipopangusa baada ya robo saa, neno la jiwe lilikuwa bado linasomeka.

"Bado?" aliuliza Kelvin.

"Bado."

"Bado kiasi gani?"

"Nilikata chini sana."

Aliendelea. Kelvin alikuwa akitoka kuwahudumia wateja na kurudi. Mara mbili Emery alibaki peke yake na mzee, na mara zote mbili alifikiri kwamba mtu mwingine angeweza kusema kitu pale, au kulia, au kuondoka na jiwe kwa mlango wa uani. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Aliona ndoo, kamba ya nguo, na mipasuko ya ukuta. Akageuza jiwe robo, akaendelea. Alihofia zaidi kugusa ubavu. Mara moja maji yenye mchanga yalipanda kwenye zile herufi ndogo za mvua na mteja ambaye hakuja, naye akayapangusa kwa ncha ya taulo kabla hayajakauka.

Saa nne na nusu uso ulikuwa mtupu. Alimalizia kwa msasa mlaini, kisha kwa karatasi kavu, mpaka jiwe likashika mwanga wa dirisha. Kelvin alifungua kopo la wino, akaligusisha jiwe mwenyewe, akapiga. Ulitoka mraba mwekundu mtupu, umejaa pembe zote nne, hauna kovu hata moja. Aliuinua kwenye mwanga kutafuta mabaki ya jina. Hayakuwepo. Akaupiga picha, akautuma Fuzhou.

"Sawa," alisema. "Sawa."

Ndipo mzee alipoinua mkono wa kushoto. Aliunyoosha juu ya meza na vidole vimefunguka, na hapakuwa na shaka alitaka nini. Kelvin alimtazama Emery kana kwamba ruhusa ni yake, kisha akamwekea baba yake jiwe kiganjani. Kidole gumba cha mzee kilianza kwenye ukingo wa kwanza. Kikapita taratibu, kikageuka pembeni, kikapita wa pili, na wa tatu, na wa nne. Ulikuwa mwendo ule ule wa kila saa nane kwa miaka minane, ila sasa wa kidole cha mkono mwingine. Emery aligundua amesimama vile alivyokuwa akisimama, mikono nyuma, akisubiri kuambiwa arudie.

"Ho," alisema Mzee Weng.

Nje kwenye kaunta Emery alivua fulana ya chungwa, akaikunja mara nne na kuiweka kando ya mashine ya fedha. Kelvin hakumwambia aivue, wala hakumwambia aivae. Kisu kilikuwa bado pale kilipoachwa jana, na uzi wake.

"Ile nakala ya karatasi yangu?" aliuliza Emery.

"Itakaa kwenye droo. Mpaka jiwe liuzwe." Kelvin alikuwa akiangalia simu. "Tutaona."

*

Marthe alikuwa akimsubiri kwenye geti la nyumba, bado na aproni ya kusukia, na alipomwona hana fulana macho yake yalishuka kwenye mabega yake yakakaa hapo.

"Uko peke yako," alisema. "Hawakukufuata?"

"Hapana."

"Amesema nini, Kelvin? Ataenda polisi?"

"Anasema tutaona."

"Na mzee? Mzee alikuwepo? Hakusema kitu?"

Emery alitazama kidole gumba chake. Vumbi la njano lilikuwa limeingia chini ya ukucha, limeganda.

"Mzee amesema vizuri," alijibu.

Marthe alifumba macho, akayafumbua. "Amesema! Mungu asifiwe. Nilikuambia, roho ya mtu mzima haifi yote." Na kabla Emery hajafungua mdomo alikuwa amekwisha kugeuka, anapanda ngazi mbili mbili kwa ndara zake, akiita kwa sauti iliyopita mbao zote za nyumba ile: "Mama Zubeda! Zubeda! Mzee amemshuhudia!"